Ivar Aasen

Ivar Andreas Aasen (5 Agosti 1813 – 23 Septemba 1896) alikuwa mwanaisimu, mtunga kamusi na mshairi wa Norwei. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa Landsmål, lugha ya maandishi aliyoijenga kutokana na lahaja za wakulima na wavuvi wa nchi yake. Tangu 1929 lugha hiyo inaitwa Nynorsk, yaani Kinorwei Kipya. Hadi leo ni mojawapo ya namna mbili rasmi za kuandika Kinorwei. Nyingine inaitwa Bokmål.

Aasen alikuwa mtoto wa mkulima mdogo, aliachwa yatima mapema na hakusoma chuo kikuu. Kwa miaka saba, kuanzia 1835 hadi 1842, alikuwa mwalimu wa nyumbani katika shamba la Solnør, kando ya bahari huko Skodje, eneo la fjordi (hori jembamba la bahari linaloingia ndani sana kati ya milima) katika magharibi ya Norwei. Skodje ilikuja kuwa manispaa ndogo ya pekee tangu 1849 hadi 2020. Katika miaka hiyo ya Solnør ndipo Aasen alipoandika mpango wa kazi ya maisha yake yote.

Hali ya lugha kabla ya Aasen

Katika Zama za Kati Norwei ilikuwa na lugha yake ya maandishi, Kinorwei cha Kale, iliyokuwa karibu sana na lugha ya Iceland. Sheria, barua za wafalme na vitabu vya dini viliandikwa kwa lugha hiyo. Tauni Kuu ya mwaka 1349 iliua sehemu kubwa ya watu, wakiwemo mapadre na waandishi wengi. Tangu 1380 Norwei ilikuwa na mfalme mmoja na Denmark, na polepole ofisi zote kubwa zikahamia Copenhagen. Matengenezo ya Kilutheri katika karne ya 16 yalikamilisha mabadiliko hayo: Biblia, katekisimu na nyimbo za kanisa zililetwa kwa Kidenmark.

Hivyo kwa karibu miaka 300 Wanorwei waliandika na kusoma Kidenmark, lakini nyumbani, shambani na kwenye mashua waliendelea kuzungumza lahaja zao. Lahaja hizo zilitofautiana kutoka bonde hadi bonde, kwa kuwa milima na fjordi zilitenga vijiji. Maofisa, wachungaji na wafanyabiashara wa mijini walizungumza lugha iliyofuata maandishi ya Kidenmark kwa matamshi ya Kinorwei. Lahaja za vijijini zilihesabiwa kuwa usemi wa watu wasio na elimu, na wengi waliamini kwamba ni Kidenmark kilichoharibika.

Mwaka 1814, Aasen alipokuwa mtoto mchanga, Denmark ililazimika kuiachia Norwei. Wanorwei walijiandikia katiba tarehe 17 Mei mwaka huo, kisha wakaingia katika muungano na Uswidi uliodumu hadi 1905. Nchi ilikuwa na katiba, bunge na chuo kikuu chake, lakini bado iliandika lugha ya nchi nyingine. Hilo ndilo suala ambalo Aasen alilifanyia kazi.

Utoto na ujana

Aasen alizaliwa katika shamba dogo liitwalo Åsen, huko Hovdebygda katika wilaya ya Sunnmøre. Leo mahali hapo ni sehemu ya manispaa ya Ørsta. Alikuwa kitindamimba wa watoto wanane. Mama yake alifariki Ivar akiwa na umri wa miaka mitatu, na baba yake, Ivar Jonsson, alifariki mwaka 1826, kijana akiwa na miaka 13. Aliendelea kuishi shambani akifanya kazi pamoja na ndugu zake.

Maisha yalikuwa ya umaskini, lakini kulikuwa na bahati moja. Katika shamba la jirani la Ekset, mkulima na mwelimishaji Sivert Aarflot alikuwa ameanzisha maktaba iliyo wazi kwa watu wa kawaida pamoja na kiwanda kidogo cha uchapaji. Aarflot alifariki mwaka 1817, lakini jamaa yake waliendeleza kazi. Kijana Aasen aliazima vitabu huko na kusoma kila alichopata: historia, jiografia, dini, sarufi na mashairi. Katika nchi ambako vijiji vingi havikuwa na kitabu zaidi ya Biblia na kitabu cha nyimbo, maktaba ya Ekset ilikuwa nafasi adimu.

Mwaka 1831, akiwa na miaka 18, aliajiriwa kuwa mwalimu wa shule ya kuzunguka. Siku hizo vijiji vingi vya Norwei havikuwa na jengo la shule. Mwalimu alihama kutoka shamba moja hadi jingine, akifundisha watoto wa jirani katika chumba cha mwenye nyumba kwa siku chache, kisha akaenda mbele. Mshahara ulikuwa mdogo. Kazi hiyo ilimfanya aone kwa karibu taabu ya watoto waliofundishwa kusoma kwa lugha ambayo hawakuizungumza.

Mwaka 1833 alihamia Herøy, kwenye visiwa vya pwani, nyumbani kwa mkuu wa wachungaji Hans Conrad Thoresen. Huko alisoma kwa bidii, pamoja na Kilatini, kwa muda wa miaka miwili. Kwa kawaida kijana wa aina yake angeendelea hadi chuo kikuu cha Christiania (leo Oslo) na kuwa mchungaji au ofisa. Aasen hakufuata njia hiyo. Aliona kwamba masomo hayo yangemtoa katika tabaka lake la wakulima, na alitaka kubaki mmoja wao.

Miaka ya Solnør

Mwaka 1835 alipata kazi ya mwalimu wa nyumbani kwa watoto wa Kapteni Ludvig Daae katika shamba la Solnør. Lilikuwa shamba kubwa kuliko mashamba ya kawaida ya Sunnmøre, na wenyeji wake walikuwa watu wa tabaka la maofisa. Aasen alipata chumba, chakula, mshahara wa kiasi na muda wa kusoma. Baada ya saa za kufundisha alikuwa huru.

Alijifundisha mwenyewe lugha kadhaa za Ulaya kwa kutumia vitabu. Alisoma pia kazi za Rasmus Rask, mwanaisimu wa Denmark aliyeandika sarufi ya lugha ya kale ya Iceland na Norwei. Kutoka kwa Rask alijifunza kwamba lugha hubadilika kwa kufuata kanuni, na kwamba kanuni hizo zinaweza kutafutwa na kuelezwa. Alipolinganisha lugha ya kale na lahaja ya nyumbani kwake, aliona jambo lililobadilisha mawazo yake: lahaja ya Sunnmøre haikuwa Kidenmark kilichoharibika. Ilikuwa imetoka moja kwa moja katika Kinorwei cha Kale, na ilikuwa na utaratibu wake kamili wa sarufi.

Katika miaka hiyohiyo alijifunza botania. Alitembea milimani na kando ya fjordi akikusanya mimea, akaikausha, akaipanga kwa majina ya kisayansi na kuandika pia majina yanayotumiwa na wenyeji. Kazi ya mimea ilimzoeza njia aliyotumia baadaye katika lugha: kwenda mahali penyewe, kukusanya vielelezo vingi, kuvilinganisha, kisha kuvipanga. Mwanabotania hasemi kwamba ua la bondeni ni baya kuliko ua la mlimani. Huuliza lina uhusiano gani na mengine. Aasen alizitazama lahaja kwa jicho hilohilo.

Mpango wa 1836

Mapema mwaka 1836, akiwa na umri wa miaka 22, Aasen aliandika hati fupi iitwayo Om vort Skriftsprog, yaani Kuhusu lugha yetu ya maandishi. Hakuichapisha. Ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1909, miaka 13 baada ya kifo chake.

Katika hati hiyo alieleza kwamba taifa lenye uhuru linahitaji lugha yake, na kwamba lugha hiyo haina haja ya kutafutwa mbali kwa kuwa imo katika vinywa vya watu wa vijijini. Alitaja pia haki ya mkulima: ni vibaya mtu wa kawaida alazimike kuacha usemi wake na kujifunza mwingine ndipo ahesabiwe kuwa na elimu.

Mambo mawili katika mpango huo yalikuwa ya pekee. Kwanza, hakutaka lahaja moja, hata ile ya kwao, ipewe ushindi juu ya nyingine. Lahaja zote zilipaswa kukusanywa na kulinganishwa, ili lugha ya pamoja ijengwe juu ya msingi ulio chini ya zote. Pili, hakutaka lugha mpya iletwe kwa amri. Watu watiwe moyo kuitumia, lakini kila mmoja awe huru kuandika lugha ya zamani au mpya kama apendavyo. Wazo hili la hiari halikumtoka hadi mwisho, na liliathiri jinsi suala la lugha lilivyoamuliwa baadaye kisheria.

Safari ya Bergen na msaada wa Trondheim

Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa sarufi ya lahaja ya Sunnmøre. Katika majira ya joto ya 1841 alisafiri hadi Bergen akiwa amechukua muswada wa sarufi hiyo na mkusanyo wa mimea. Hakuwa na jina wala cheo. Alimwendea Askofu Jacob Neumann, mtu aliyependa mambo ya kale na ya kisayansi. Askofu alishangazwa na kazi ya mwalimu huyu wa kijijini, akaandika habari zake na kuchapisha sehemu za sarufi katika gazeti la Bergens Stiftstidende.

Habari hizo zilimfikia Frederik Moltke Bugge huko Trondheim, mkuu wa shule na kiongozi wa Shirika la Kifalme la Sayansi la Norwei. Shirika hilo lilimpa Aasen fedha za kusafiri ili achunguze lahaja za nchi. Mwaka 1842 aliacha kazi ya Solnør na kuanza safari.

Safari za utafiti

Kuanzia 1842 hadi 1846 Aasen alizunguka sehemu kubwa ya Norwei, kutoka wilaya za kusini na magharibi hadi mabonde ya mashariki, na upande wa kaskazini hadi Helgeland. Alisafiri mara nyingi kwa miguu na kwa mashua. Alikaa katika kila wilaya majuma au miezi, akiwasikiliza watu wakizungumza, akiuliza majina ya vitu vya kazi, wanyama, hali ya hewa na jamaa, na kuandika maneno pamoja na namna yanavyobadilika katika sentensi. Alituma taarifa kwa shirika la Trondheim, na aliweka shajara.

Kwa kuwa yeye mwenyewe alikulia shambani, alijua kazi za wakulima na hakuonekana mgeni sana kwao. Wakati huo hakukuwa na kifaa cha kunasa sauti. Sikio na kalamu ndivyo vilivyokuwa vyombo vyake. Baadaye, hadi mwaka 1868, aliendelea kufanya safari fupi za majira ya joto ili kusahihisha na kuongeza.

Matokeo ya utafiti yalithibitisha alilolidhani. Lahaja za Norwei, pamoja na tofauti zake za matamshi, zilikuwa na sarufi ya pamoja na akiba kubwa ya maneno ambayo Kidenmark hakikuwa nayo. Neno lililokosekana katika bonde moja lilipatikana katika jingine.

Sarufi na kamusi

Mwaka 1847 Aasen alihamia Christiania, akaishi huko hadi kifo chake. Kazi zake kuu za kitaalamu zilitoka kwa jozi mbili.

Jozi ya kwanza ilieleza lahaja kama zilivyo. Sarufi, Det norske Folkesprogs Grammatik, ilitolewa mwaka 1848. Kamusi, Ordbog over det norske Folkesprog, ilitolewa mwaka 1850 ikiwa na maneno takribani 25,000. Mwanahistoria maarufu P. A. Munch alizisifu sana. Mwaka 1851 Bunge la Norwei (Storting) lilianza kumpa malipo ya kila mwaka ili aendelee na kazi.

Mwaka 1853 alitoa kitabu kidogo, Prøver af Landsmaalet i Norge. Ndani yake kulikuwa na vielelezo vya lahaja mbalimbali, kisha vielelezo vya lugha ya pamoja aliyopendekeza. Kwa njia hiyo wasomaji waliona kwa mara ya kwanza Landsmål yenyewe ikiwa imeandikwa. Jina hilo maana yake ni lugha ya nchi.

Jozi ya pili iliweka kanuni za lugha hiyo. Norsk Grammatik ilitolewa mwaka 1864 na Norsk Ordbog mwaka 1873. Kamusi hii ya pili ilikuwa na maneno takribani 40,000. Alitoa pia mkusanyo wa methali, Norske Ordsprog, mwaka 1856, na kitabu cha majina ya watu, Norsk Navnebog, mwaka 1878.

Jinsi Landsmål ilivyojengwa

Lahaja zilipotofautiana, Aasen alichagua umbo ambalo liliweza kueleza mengine yote, na mara nyingi hilo lilikuwa lile lililo karibu zaidi na Kinorwei cha Kale. Kwa sababu hiyo lahaja za magharibi na za milimani, zilizohifadhi mambo mengi ya kale, zilikuwa na uzito mkubwa kuliko za mashariki na za mijini.

Mifano michache inaonyesha tofauti na Kidenmark. Mimi ni eg badala ya jeg. Jiwe ni stein badala ya sten. Kwenda nyumbani hutumia heim badala ya hjem. Na neno la kukanusha ni ikkje badala ya ikke. Nomino zilibaki na jinsia tatu, yaani makundi yanayotawala upatanisho kwa namna inayofanana kidogo na ngeli, wakati Kidenmark cha maandishi kilikuwa na mbili tu. Aasen aliepuka pia maneno mengi yaliyotoka Kijerumani kupitia Kidenmark, akatafuta badala yake maneno ya vijijini.

Aliandika herufi kadhaa ambazo hazikusikika tena katika lahaja nyingi, ili neno lionyeshe asili yake na kila msomaji alitamke kwa lahaja yake. Jambo hili liliunganisha lahaja kwenye karatasi, lakini liliifanya lugha yake ionekane ya kale kwa baadhi ya watu. Tahajia ilirahisishwa mara kadhaa baada ya kifo chake.

Mwandishi na mshairi

Aasen alijua kwamba sarufi na kamusi hazitoshi. Lugha inahitaji vitabu ambavyo watu watapenda kuvisoma. Mwaka 1843 alikuwa tayari ametoa nyimbo tano katika lahaja ya Sunnmøre ya kusini. Mwaka 1855 tamthilia yake yenye nyimbo, Ervingen (Mrithi), iliigizwa Christiania.

Mkusanyo wake wa mashairi, Symra, ulitolewa mwaka 1863 na kupewa jina la ua dogo la majira ya kuchipua. Shairi lake linalojulikana zaidi, Nordmannen, linaeleza mkulima anayejenga nyumba yake kati ya milima na bahari, katika nchi ngumu ambayo hata hivyo anaipenda. Bado linaimbwa na Wanorwei wengi. Mashairi yake ni mepesi na ya wazi, karibu na methali na nyimbo za watu.

Wafuasi na wapinzani

Kazi ya Aasen ilipata wafuasi mapema. Mwandishi A. O. Vinje alianza mwaka 1858 kutoa gazeti lake, Dølen, kwa Landsmål. Mwaka 1868 zilianzishwa jumuiya mbili za kuendeleza lugha hiyo: Vestmannalaget huko Bergen na Det Norske Samlaget huko Christiania. Elias Blix alitoa nyimbo za kanisa kwa Landsmål kuanzia 1869. Mwandishi wa riwaya Arne Garborg alikuja kuwa mmoja wa watetezi wake wakubwa.

Upinzani ulikuwa mkali pia. Wengi wa mijini walisema kwamba Landsmål ni lugha ya kubuni, kwa kuwa hakuna kijiji kinachoizungumza jinsi ilivyoandikwa. Henrik Ibsen aliwadhihaki wapigania lugha katika tamthilia yake Peer Gynt ya mwaka 1867. Wengine waliona kwamba kuiacha lugha ya Kidenmark ni kujitenga na elimu na vitabu vya karne nyingi.

Mwalimu Knud Knudsen alipendekeza njia nyingine: kubadilisha Kidenmark hatua kwa hatua kufuata matamshi ya Wanorwei wenye elimu. Njia hiyo ndiyo iliyozaa Bokmål. Kwa hiyo suala la kizazi cha Aasen halikuwa tu kama Norwei iwe na lugha yake, bali pia lugha hiyo ianzie kwa nani: kwa watu wa mijini walioelimika au kwa wakulima na wavuvi. Aasen alikuwa upande wa hao wa pili.

Maisha ya binafsi

Aasen hakuoa. Aliishi katika vyumba vya kupanga, kwa unyenyekevu, akizungukwa na vitabu na karatasi. Alikuwa mtu wa haya na mkimya, na hakupenda kusimama mbele ya mikutano. Kazi ya kuongoza harakati aliwaachia wengine. Yeye alirudi kwenye maneno yake. Alitunukiwa Nishani ya Mtakatifu Olav, lakini hakubadilisha namna yake ya kuishi.

Alifariki Christiania tarehe 23 Septemba 1896 akiwa na umri wa miaka 83. Alizikwa katika makaburi ya Vår Frelsers gravlund mjini humo.

Kutambuliwa rasmi

Aasen aliishi kuona sehemu ya mpango wake ikitimia. Mwaka 1884 chama cha Venstre kiliunda serikali chini ya Johan Sverdrup, kwa nguvu ya wapiga kura wengi wa vijijini. Katika serikali hiyo mtunga nyimbo Elias Blix alikuwa waziri wa mambo ya kanisa na elimu. Waziri wa ulinzi wa mwaka 1884 hadi 1885 alikuwa Ludvig Daae, mwanasheria na mwanasiasa aliyemiliki Solnør, shamba lilelile ambako Aasen alikuwa mwalimu wa nyumbani nusu karne kabla.

Tarehe 12 Mei 1885 Bunge liliamua kwamba Landsmål iwe lugha rasmi ya shule na serikali sawa na lugha ya maandishi iliyokuwapo. Mwaka 1892 sheria iliruhusu kila bodi ya shule kuchagua lugha ya kufundishia. Hakuna lugha iliyofutwa. Uamuzi uliachwa kwa watu wa mahali. Katika jambo hili sheria ilifanana na mawazo ya hati ya 1836, ingawa hati yenyewe ilikuwa bado haijachapishwa.

Agano Jipya kwa Landsmål lilitolewa mwaka 1889 na Biblia nzima mwaka 1921. Mwaka 1929 Bunge liliamua kutumia majina Nynorsk na Bokmål. Katika mwaka 1944 takribani theluthi moja ya wanafunzi wa shule za msingi walifundishwa kwa Nynorsk. Baada ya hapo idadi ilishuka, hasa kutokana na kukua kwa miji, na leo ni takribani mwanafunzi mmoja kati ya wanane.

Skodje baada ya Aasen

Aasen alipofika Solnør, Norwei haikuwa bado na serikali za mitaa za kuchaguliwa. Sheria ya mwaka 1837 ndiyo iliyoanzisha manispaa, kuanzia Januari 1838. Wakati huo Skodje ilikuwa sehemu ya manispaa kubwa ya Borgund iliyouzunguka mji wa Ålesund. Ilipewa manispaa yake tarehe 1 Januari 1849, miaka saba baada ya Aasen kuondoka. Mwaka 1902 sehemu ya Vatne ilitengwa nayo, na Skodje ikabaki ndogo zaidi.

Mwaka 1922 lilifunguliwa daraja la mawe juu ya mlango wa bahari wa Skodjestraumen, ambalo lilirahisisha usafiri katika eneo lililozoea mashua. Daraja hilo la matao bado ni alama ya mahali hapo.

Manispaa za jirani ziliunganishwa moja baada ya nyingine: Vatne iliingia Haram mwaka 1965, na Borgund iliingia Ålesund mwaka 1968. Skodje iliendelea kujitegemea hadi tarehe 1 Januari 2020, ilipounganishwa na Ålesund, Haram, Sandøy na Ørskog kuwa manispaa moja ya Ålesund. Wakati huo ilikuwa na wakazi zaidi ya 4,000. Haram ilijitenga tena mwaka 2024, lakini Skodje ilibaki ndani ya Ålesund. Hivyo manispaa ya Skodje ilidumu miaka 171.

Nchini Norwei manispaa si mpaka wa kodi na barabara tu. Kila manispaa ina haki ya kuamua kama ofisi za serikali ziiandikie kwa Nynorsk au Bokmål, au kutochagua upande. Kwa hiyo manispaa ndogo zinapounganishwa na miji, suala la lugha ya maandishi hujitokeza upya. Ørsta, Volda na Herøy, mahali alikokulia na kusoma Aasen, ni kati ya manispaa zilizochagua Nynorsk.

Urithi

Kazi ya Aasen inaendelea kutumika. Vitabu, magazeti, vipindi vya redio na televisheni na nyaraka za serikali huandaliwa kwa Nynorsk, na wanafunzi wa Norwei kwa kawaida hujifunza namna zote mbili za kuandika. Sheria ya lugha iliyoanza kutumika Januari 2022 inaipa serikali wajibu wa kuilinda Nynorsk, kwa kuwa ndiyo inayotumiwa na watu wachache zaidi. Jon Fosse, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2023, huandika kwa Nynorsk.

Mahali alipozaliwa huko Hovdebygda pana kituo cha makumbusho, Ivar Aasen-tunet, katika jengo lililosanifiwa na Sverre Fehn na kufunguliwa mwaka 2000. Jina lake limepewa pia eneo la uchimbaji wa mafuta katika Bahari ya Kaskazini, lililoanza uzalishaji mwaka 2016.

Kamusi zake zimehifadhi maelfu ya maneno ya wakulima na wavuvi ambayo wakati wake hayakuwa yameandikwa popote. Mengine hayasikiki tena vijijini, lakini yanajulikana kwa sababu aliwauliza watu waliokuwa wakiyatumia, akayaandika.